Barabara Ndani ya Bati la Biskuti

Bati lilipofunguka, kitu cha kwanza kutoka kilikuwa harufu. Tumbaku ya kiko, ile tamu nzito inayokaribia kunuka kama sukari iliyoungua, na chini yake ukungu wa karatasi za zamani. Mdogo wangu Paskali alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda cha baba, mimi nimeegemea mlango na ufagio mkononi, tukitafuta karatasi ya shamba. Matanga yalikuwa yamekwisha wiki moja nyuma, na baba alikuwa ameondoka bila kutuambia karatasi ile ameiweka wapi, kama alivyoondoka bila kutuambia mambo mengine mengi.

"Dada, nani alikuwa anavuta kiko humu ndani?"

"Hakuna."

"Basi mzee alikuwa na siri."

"Acha maneno yako. Funga hilo bati, tutafute kwenye kabati."

Nilisema haraka mno. Paskali ni dereva wa watalii, kazi yake ni kusoma nyasi zinavyotikisika ajue kuna simba au upepo, na mimi siku hiyo nilitikisika. Akanitazama, akatazama bati, halafu akaingiza mkono wote mpaka kwenye kiwiko.

Nijieleze kidogo kabla hajautoa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Karatu, mji ambao kila mtu yupo njiani kwenda mahali pengine: wageni wanakwenda kuona faru, madereva wanakwenda kuwaonyesha, wauza vinyago wanakwenda kuwakimbiza wote wawili. Paskali anashuka kreta, lile bonde la wanyama, mara tatu kwa wiki. Mimi nimefika getini, pale lango la hifadhi, mara moja, na hapo nilikuwa nampelekea chakula alichosahau. Nikachungulia ule msitu wenye ukungu, nikasema pazuri, nikageuza. Kidato cha nne nilimaliza, na jiografia nilipata alama ambayo sijawahi kuitaja mbele ya wanangu. Watu hudhani siendi popote kwa sababu ya uvivu. Uvivu upo, siukatai. Lakini sababu ya kwanza ilikuwa ndani ya lile bati, na nilikuwa sijaiona tangu nikiwa darasa la tatu.

Wenzangu mliokulia kando ya barabara ile kabla ya lami, mnakumbuka vumbi. Lilikuwa jekundu na lenye subira. Mboga ilioshwa maji matatu na bado ilitafunika kwa kelele. Nguo zilianikwa nyuma ya nyumba, na bado shati la shule lilikuwa na rangi ya chai kufika Jumatano. Landrova za wageni zilipita na vumbi lao, sisi tukapunga, wao wakapunga, kisha hatukuonana tena kwa dakika mbili nzima, mpaka wingu lishuke. Niliamini kabisa kwamba wazungu wanaishi ndani ya vumbi, kama samaki ndani ya maji.

Mzungu mmoja tu hakuwa hivyo, na huyo alikwenda kwa miguu. Alikuwa padri mzee, mtu wa Ayalandi, mrefu kama mlingoti, ambaye baba alikuwa akimtunzia bustani pale misheni. Kiswahili alijifunzia Loliondo kwa Wamasai, kwa hiyo alikizungumza kwa lafudhi ya Kimasai iliyopitia kwanza kwenye pua ya kizungu. Kiko hakikutoka mdomoni ila wakati wa misa. Uzee ulipomzidi, wakubwa wake wakamwita arudi kwao, na siku moja saa kumi jioni akaja nyumbani kwetu kuaga, amekumbatia kitabu kikubwa kilichopasuka mgongo.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Sikufukuzwa wala sikuitwa. Nyuma ya pazia ndipo nilipokuwa nikiishi siku hizo. Nilikuwa mtoto wa kushuku. Nilishuku mwalimu anakula chaki. Nilishuku mdogo wangu, aliyekuwa mgongoni kwa mama wakati huo, anaelewa kila kitu na anajifanya hajui kusema. Kwa hiyo padri alipofungua kile kitabu mezani, jicho langu lilikuwa limeshafika kwenye tundu la pazia.

Zilikuwa ramani, lakini si kama ile ya Tanzania iliyokuwa ukutani darasani, yenye umbo la nchi na maziwa yake. Kila ukurasa ulikuwa na mikanda mirefu, mitatu au minne, imesimama wima kama vitambaa vilivyoanikwa. Ndani ya kila mkanda ilipanda barabara moja, kutoka chini kwenda juu. Pembeni mwa barabara kulikuwa na vinyumba vidogo, na kila kinyumba kilikuwa na jina la mtu. Nje ya hapo, peupe.

"Mbona nyembamba hivi, Padri?" mama akauliza. "Nchi yenu yote ni kichochoro?"

Padri akacheka mpaka kiko kikatoa cheche. "Mama, mtu wa gari la farasi hataki nchi yote. Anataka njia yake tu. Anaanzia hapa chini, anakwenda, anakwenda, anafika hapa juu. Kisha anafungua ukurasa mwingine."

"Na haya majina?" baba akauliza.

"Mabwana wakubwa. Msafiri akipita geti anajua amepita kwa nani. Amsalimu nani, amwogope nani, alale kwa nani. Na maili zetu, Safari, zilikuwa ndefu kuliko za Waingereza. Wanakwambia maili kumi, unafika umechoka kama kumi na tatu."

"Kama 'hapo tu' ya Mmasai," mama akasema, na wote watatu wakacheka, maana kila mtu wa Karatu ameshawahi kuambiwa hapo tu, akatembea mpaka kiza.

Baba yangu jina lake ndilo hilo, Safari. Bibi alimzaa njiani akitoka Mbulu na mzigo kichwani, na kwa Wairaki mtoto wa njiani jina lake linamsubiri palepale alipozaliwa. Nadhani ndiyo maana padri alimpa yeye kitabu kile na si katekista. Baba akageuza kurasa kwa vidole vyake vya udongo, taratibu, akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Na kwenu ni ipi, Padri?"

Padri akatoa kiko mdomoni. Akageuza ukurasa mmoja, wa pili, akaweka ncha ya kiko kwenye karatasi, katikati ya nyumba mbili zenye majina. "Hapa."

"Hapo hamna kitu," mama akasema.

"Ndiyo. Palikuwa na watu wengi sana. Sasa tazama." Na akaacha ncha ya kiko pale kwenye weupe.

Alisema na mengine, lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichotaka. Palikuwa na watu wengi. Karatasi ikaja. Sasa peupe. Nikaachia pazia, nikaenda kukaa chooni nifikirie, maana nyumba nzima hiyo ndiyo ilikuwa sehemu pekee yenye kitasa.

Huenda ningesahau, kama si wale watu wa barabara. Padri hakuwa amemaliza mwezi tangu aondoke walipokuja na gari jeupe, kifaa cha miguu mitatu wanachochungulia kwa jicho moja, na kopo la rangi nyekundu. Walipima kutoka katikati ya barabara kuja kwenye nyumba, na nyumba iliyojipendekeza karibu mno ikapigwa X ukutani. Lami inakuja, walisema, na lami inahitaji nafasi. Nyumba ya Mama Theresia, jirani yetu wa upande wa mjini, ikapigwa X kubwa karibu na mlango wake wa bluu. Mzee Boay, jirani wa upande wa getini, akapigwa mbili, kama vile moja isingemwingia akilini. Yetu, katikati yao, haikupigwa. Ilikuwa imerudi nyuma hatua chache, kwa sababu babu alipojenga alipenda kuwa na uwanja wa kuanikia mahindi. Hiyo ndiyo sababu. Lakini mwambie sababu hiyo mtoto anayeishi nyuma ya pazia.

Halafu baba akaanza kutembea. Kila Jumapili baada ya misa, badala ya kurudi kula, alichukua daftari na kalamu ya risasi akatoka barabarani. Alitembea akihesabu hatua, midomo ikicheza. Akifika kwenye nyumba alisimama, akapiga hodi, akasalimia, akauliza jina kamili la mwenye nyumba, akaandika. Nilimfuata kwa mbali nikijifanya nakusanya kuni. Nilimwona Mzee Boay akimtajia majina yake matatu kwa fahari, mkono kiunoni, masikini, kama mtu anayepigwa picha. Nikasema moyoni: huyo anajitia kitanzi mwenyewe.

Siku ya mnada, baba na mama wakiwa hawapo, niliingia uvunguni. Kitabu cha padri kilikuwa kwenye sanduku, kimefungwa kwa mfuko wa mbolea. Chini yake kulikuwa na karatasi za daftari zilizounganishwa kwa gundi ya uji, moja juu ya nyingine, zimeviringishwa kama bandeji. Nikazikunjua sakafuni. Ilikuwa barabara yetu. Mkanda uleule, unapanda kutoka chini kwenda juu, na vinyumba pembeni. Kwa Mama Theresia, kinyumba na jina lake. Kwa Mzee Boay, kinyumba na majina matatu. Na pembeni ya kila nyumba maneno madogo: maji. Mbwa mkali. Kivuli. Chai. Nikaelewa palepale kwamba hiyo ni orodha ya vitu vitakavyochukuliwa.

Lakini kilichonikausha mate ni kitu kingine. Mbele ya kila jina baba alikuwa ameandika herufi tatu: Esq. Nikafungua kitabu cha padri. Zilikuwepo. Kila kinyumba cha Ayalandi chenye jina kilikuwa na herufi hizohizo. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba q haina kazi katika Kiswahili; mimi niliijua kutoka kwa majina ya watu wetu tu, akina Qamara na akina Qorro. Sasa q ya kwetu inafanya nini Ayalandi? Nilitafuta nyumba yetu kwenye ile karatasi ya baba, kati ya Mama Theresia na Mzee Boay. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa peupe. Hakuna jina, hakuna herufi tatu. Wote wameandikwa, sisi tumeachwa. Wote wamepigwa X, sisi tumeachwa.

Mpelelezi wa darasa la tatu akipata ushahidi wa namna hiyo, anaupeleka wapi? Niliupeleka kwa Mama Theresia, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na alikuwa anakaanga maandazi.

Alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti, mwepesi wa kucheka. "We kinyonga," alizoea kuniambia, "leo umeona nini tena?" Siku ile hakucheka. Aliniacha nimalize, akaokoa andazi lililoanza kuungua, akauliza jambo moja tu.

"Jina langu lipo?"

"Lipo."

"Na la kwenu?"

"Halipo."

Akanipa andazi. Nilikula lote njiani, na ninaomba mjue kwamba lilikuwa tamu.

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Hakuna aliyekuja kumpigia baba kelele mlangoni. Watu wetu hawafanyi hivyo. Salamu zilifupishwa tu. Zamani mtu alimwuliza baba habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mahindi, na baba akajibu njema mara nne. Sasa waliishia kwenye ya kwanza. Baba akisimama na daftari lake nje ya nyumba, mlango ulikuwa na shughuli za ndani. Mama alirudi kutoka kisimani mapema kuliko kawaida, ndoo imejaa, mdomo umefungwa. "Kuna nini na watu siku hizi?" alisema, akamtazama baba, na baba akasema labda ni hizi X, watu wana mawazo. Nami nilikaa nyuma ya pazia nikijisikia mtu aliyeokoa kijiji.

Kisha ikafika zamu yetu ya jumuiya. Kwa asiyejua: familia za mtaa mmoja husali pamoja kila wiki, nyumba hii leo, ile wiki ijayo, na anayepokea hutandika mabenchi na kupika chai. Mama alipiga deki tangu asubuhi. Baba aliazima mabenchi misheni akayabeba kichwani, mawili mawili. Vikombe kumi na vinne viliwekwa mezani, vimefunikwa kitambaa cha kufuma cha harusi yao, sambusa chini ya sufuria. Saa kumi. Saa kumi na nusu. Tukasikia wimbo wa mwanzo ukiimbwa, lakini si kwetu. Ulitoka kwa Mama Theresia, nyumba ya pili, kupitia ule mlango wa bluu, na sauti yake ndiyo iliyokuwa juu ya zote.

Mama alivua kitenge kipya akavaa cha zamani. Baba aliketi mbele ya vikombe, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri daktari.

Mgeni mmoja alikuja, na hakuwa hata wa jumuiya. Alikuwa Baba Nasieku, Mmasai wa Oloipiri, aliyemjua padri tangu ujana wake na aliyezoea kufikia kwetu akileta ng'ombe mnadani. Aliinama kuingia mlangoni, akaona mabenchi, akaona vikombe, akaona nyuso, akaketi benchi la mbele peke yake na fimbo yake, kama waumini wote kumi na wanne.

"Nimesikia mnadani," akasema. "Wanasema umeandika watu."

Baba akanyanyua kichwa. "Nimeandika watu?"

"Wanasema una karatasi. Safari, mimi sijali maneno ya mnadani. Lakini karatasi najali. Kwetu karatasi yenye mistari ikija, mwaka unaofuata ng'ombe wanaambiwa wamepotea njia. Nioneshe."

Baba akaingia chumbani akaileta. Akaikunjua juu ya meza, akisogeza vikombe kimoja kimoja. Baba Nasieku hakujua kusoma, lakini aliifuata ile barabara kwa kidole tangu chini, polepole, uso umekunjamana, bila kuruka hata kona.

"Hii ya nini?"

Sauti ya baba ilikuwa ndogo. "Lami ikija watapita mbio. Zamani vumbi liliwapunguza mwendo, walau walituona. Sasa hawatajua wamepita kwa nani. Na hawa wenye X wakivunjiwa, patabaki peupe. Kama kwao padri. Nilitaka mtu akiuliza, hapa palikuwa na nani, aambiwe. Tena kwa heshima zote, kama mabwana wa Ayalandi. Nimewawekea na ile alama yao ya heshima, kila mmoja."

Nyuma ya pazia, sambusa niliyokuwa nimeiiba ilinikwama.

Baba Nasieku akagonga karatasi kwa ukucha. "Umeandika mbwa. Umeandika chai. Ng'ombe wanavuka wapi?"

"Sijaandika."

"Basi wewe nawe huoni watu wote. Andika." Akamwonyesha mahali, na baba akachora alama za kwato, mbili, tatu, zikikata barabara. "Sasa chukua karatasi hii uende nayo pale wanapoimba. Waonyeshe."

"Hapana. Mtu akishakushuku, karatasi ni kumwongezea ushahidi tu." Baba akaanza kuiviringisha. Halafu akasema, bila kumtazama yeyote, "Ninachotaka kujua ni nani aliyewaambia. Ilikuwa chini ya kitanda."

Mama akanigeukia. Yaani akaligeukia pazia. Nikatoka, kwa sababu miguu yangu ilikuwa inaonekana siku zote chini ya kile kitambaa na nilikuwa sijui. Hapo ndipo ningesema. Barabara ilikuwa fupi, kutoka pazia mpaka meza, hatua tano.

"Labda ni Padri," nikasema.

Padri, ambaye wakati huo alikuwa ng'ambo ya bahari tatu, asiyeweza kujitetea. Baba Nasieku alinitazama jinsi anavyotazamwa ndama anayeuzwa na mtu asiyemjua. Baba alisema tu, "Labda," akanimiminia chai katika kikombe kimojawapo cha wageni, akaweka na sukari.

Nyumba zilivunjwa baada ya mavuno. Mzee Boay aliondoka na mabati yake kwenda kwa kaka yake Mbulu. Mama Theresia alijenga upya ndani ya shamba lake la mahindi ng'ambo ya barabara, hatua arobaini ndani, na mlango akaupaka kahawia. Lami ikaja, nyeusi, ikinuka, na vumbi likaisha, na wageni hawakupunga tena kwa sababu walipita mbio, hatukuonana. Salamu zilirudi kwa awamu, kama umeme. Jumuiya ilirudi kwetu baada ya miaka. Lakini Mama Theresia hakuwahi tena kunywa chai ya baba, na baba hakuwahi tena kutembea na daftari. Nami nikajifunza kukaa nyumbani. Mtu asiyetoka haoni kitu, na asiyeona kitu hana cha kwenda kusema. Nilidhani hiyo ni hekima. Nilipokua nikaiita tabia.

Kwenye msiba wa baba, Mama Theresia alikuja. Alitoa mkono wa pole, akaketi upande wa wageni wa mbali, hakugusa kisu wala kiazi pamoja na wanawake wa mtaa, akaondoka kabla ya chakula.

Sasa Paskali alikuwa ametoa mkono ndani ya bati. Kitabu cha padri kilikuwa kimebaki jalada na kurasa chache. Ile bandeji ya daftari ilikuwepo. Akaikunjua kwenye sakafu, kutoka kitandani ikapita mlangoni ikafika sebuleni, naye anaifuata kwa magoti akicheka kwa mshangao.

"Dada! Hii ni njia yangu! Mende wamekula kuanzia njia panda ya Oldeani, lakini ni yenyewe. Tazama, 'maji, lakini piga hodi sana, mbwa mkali'. Nani huyu? Boay Esq. Ha! Mzee aliwapa watu vyeo." Akarudi chini, akatafuta kwetu, akatafuta tena. "Mbona sisi hatupo?"

"Sijui."

"Na hizi kwato?"

Hizo nilizijua. Nikamwambia zote, kuanzia pazia mpaka andazi, nimesimama na ufagio. Paskali, ambaye hunitania mpaka kwenye foleni ya komunyo, hakunitania. Alisema, "Kwa hiyo yule mama amekaa miaka yote hii akijua baba ni msaliti." Kisha akaiviringisha ile barabara akanipa. "Ni hapo tu, dada. Sikupi lifti."

Nikavuka lami. Niliangalia kulia, kushoto, kulia tena, kama mtalii. Mama Theresia alikuwa ameketi nje, akichambua maharage, amekonda, sauti imebaki kubwa.

"Kinyonga. Leo umeona nini tena?"

Nikapiga magoti nikamsalimia, nikamkunjulia karatasi juu ya jamvi, nikaweka konzi nne za maharage kwenye pembe zake isiruke. Nikasema nilichotakiwa kusema darasa la tatu. Alisikiliza huku anatafuta nyumba yake. Aliipata. Baba alikuwa ameupaka mlango kwa wino wa bluu, na pembeni ameandika neno moja: chai.

"Hizi herufi ndizo zile?"

"Ndizo. Ni heshima. Kama kusema bwana mkubwa."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Alisugua goti lake muda mrefu. "Ulikuwa mtoto," akasema. "Nilijua mtoto anaweza kuona vibaya. Nilijua, usidhani sikujua. Lakini aliyenipigia X hakuwa na jina, na alishaondoka na gari lake. Baba yako alikuwa na jina, na alikuwa hapa." Akaokota harage, akalitupa, ingawa lilikuwa zima. "Na kwenu mbona pamebaki wazi?"

"Sijui, Mama. Mpaka leo nashuku."

"Nini?"

"Kwamba aliacha nafasi aone kama kuna jirani atakayemuuliza, na wewe mwenyewe jina lako nani. Hakuna aliyemuuliza. Halafu nikamharibia."

Mama Theresia hakunibishia. Laiti angenibishia. Aliita mjukuu alete kalamu, akaipima kwenye kiganja chake kama inaandika, akanikabidhi.

"Mkono wangu unatetemeka. Andika wewe."

Nikaandika Safari, na majina yake mengine mawili, kwenye ule weupe kati ya mlango wa bluu na mbwa mkali. Alikuwa ameinama juu ya bega langu, pumzi yake inanuka kitunguu, anasimamia kila herufi kwa jicho moja kama wale watu wa barabara.

"Hujamaliza," akasema. "Na zile tatu."